Mota Kubwa na Umeme Mtulivu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe tena darasani pamoja na mwalimu.

Somo letu la leo ni juu ya umeme. Hatutasema juu ya namna ya kuupata, bali juu ya namna ya kuutunza usitikisike.

Wengi wetu husema, "Umeme upo," au, "Umeme haupo," kana kwamba hayo mawili ndiyo yote. Kumbe liko jambo la tatu. Umeme waweza kuwapo, na taa zikawaka, lakini ukawa mbaya. Taa hufifia ghafula kisha zikarudi. Friji ya duka hunguruma isiweze kuanza. Mashini ya hospitali hujizima yenyewe. Bili hulipwa kamili, lakini kitu kilicholipiwa kilikuja na kasoro.

Mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, ilianza kutoa umeme. Bwawa hilo limejengwa ili litoe megawati 2,115. Hiyo ni nguvu kubwa sana. Lakini wingi wa umeme ni jambo moja, na uzuri wa umeme ni jambo jingine. Mtu aweza kukaa chini ya mti wa maembe uliojaa, akaangukiwa na embe bovu. Vivyo hivyo, nchi yaweza kuwa na umeme tele, na mji ulio mwisho wa waya ukapata umeme unaoyumba. Mara nyingi anayeuyumbisha hayuko mbali. Ni jirani: pampu kubwa ya maji, kiwanda cha saruji, au kinu cha kusaga mawe.

Kwa hiyo leo tutajifunza juu ya kifaa kinachoweza kumtuliza jirani huyo. Jina lake tutaliita kidhibiti mwendo. Mafundi wengi hukiita draivu.

UMEME MZURI NI UPI?

Umeme unaokuja nyumbani hauendi upande mmoja tu kama maji ya mtoni. Huenda mbele na kurudi nyuma, kama mtu apigaye msumeno. Katika Afrika Mashariki safari hiyo ya kwenda na kurudi hutimia mara 50 katika kila sekunde. Twasema umeme wetu ni wa hezi 50.

Umeme mzuri una sifa tatu. Zikumbukeni, maana tutazirudia.

Sifa ya kwanza: msukumo wake haupandi wala haushuki ovyo. Msukumo huo hupimwa kwa volti. Nyumbani Tanzania ni kama volti 230. Katika waya wa kijiji ulio juu ya nguzo waweza kuwa volti 11,000 au 33,000, na transfoma ndiyo inayoushusha.

Sifa ya pili: hesabu ya mawimbi yake haibadiliki. Ni 50, si 47, wala si 53.

Sifa ya tatu: wimbi lake ni laini. Hupanda taratibu na kushuka taratibu, kama wimbi la bahari siku ya utulivu, bila meno meno.

Umeme ukikosa sifa moja katika hizo, vyombo huumia. Vingine hufa siku ile ile. Vingine hupunguziwa umri bila mtu kujua, mpaka mwenyewe aseme, "Nimeuziwa kitu kibovu," na kumbe kosa si la muuzaji.

MOTA KUBWA INAPOAMSHWA

Sasa natufikiri juu ya pampu za maji. Maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka katika Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Maji husafishwa kule, kisha husukumwa na pampu katika mabomba marefu mpaka kwenye matangi yaliyo juu ya vilima vya mji, kama yale ya karibu na Chuo Kikuu. Kazi kama hiyo haifanywi na mota ndogo. Yataka mota za mamia ya kilowati, na mota kama hizo kwa kawaida hazitumii volti za nyumbani. Hutumia volti za kati: 3,300, 6,600, au 11,000.

Tuchukue mota moja kwa mfano wa hesabu yetu. Nguvu yake ni kilowati 1,000, na volti zake ni 6,600. Ikiwa katika kazi kamili, mota kama hiyo huvuta umeme wa kama ampea 105. Ampea ndicho kipimo cha wingi wa umeme upitao katika waya, kama vile lita kwa sekunde katika bomba.

Lakini je, inapoanza? Mota ikiunganishwa moja kwa moja na waya, huvuta ampea nyingi, kama mara 6 kuliko kawaida yake. Mara 6 kwa 105 ni 630. Hali hiyo yaweza kuendelea kwa sekunde kadha wa kadha, mpaka mota ipate mwendo wake.

Kwa nini iwe hivyo? Watu wengine hudhani ni kwa sababu mzigo ni mzito. Sivyo hasa. Mota inapozunguka, mzunguko wake wenyewe huzaa msukumo unaoukinga ule umeme unaoingia. Ni kama bawabu mlangoni. Mota ikiwa imesimama, bawabu hayupo, na umeme huingia kwa fujo. Kadiri mota inavyokaza mwendo, ndivyo bawabu anavyorudi kazini.

Sasa tazameni jambo hili linavyomfikia jirani. Waya wa umeme una ukinzani wake. Ukipitisha umeme mwingi, msukumo hupungua njiani, kama vile maji ya bomba lako yanavyopungua jirani wa juu akifungua mabomba yake yote. Tuseme mahali fulani ampea 105 za mota yetu hupunguza volti za mtaa kwa sehemu 3 katika kila 100. Basi ampea 630, ambazo ni mara 6, zitazipunguza kwa kama sehemu 18 katika 100. Ondoeni sehemu 18 katika 100 ya volti 230. Zabaki kama volti 189.

Globu ya zamani, ile yenye uzi unaowaka, ikipata volti 189 badala ya 230 hupoteza karibu nusu ya mwanga wake. Ndiyo maana darasa la jioni huona kitabu kikiingia giza, kisha mwanga ukarudi. Taa za siku hizi huvumilia zaidi. Lakini mota ya friji haivumilii: ikijaribu kuanza wakati huo hukwama na kupata moto. Na swichi za sumaku viwandani, volti zikishuka mno, huachia, na kazi yote ikasimama.

Mota yenyewe pia huumia. Ule umeme mwingi wa kuanzia huitia joto kali. Kwa sababu hiyo mota kubwa nyingi huruhusiwa kuanzishwa mara chache tu katika saa moja. Mwendesha pampu aliyekwisha kuianzisha mara mbili hana budi kungoja ipoe, hata kama tangi la mji ni tupu na watu wamepanga ndoo.

SIRI YA MWENDO

Mota inayotumika zaidi katika kazi hizi haina siri kubwa. Nikola Tesla alipata haki za uvumbuzi wa mota za namna hiyo huko Marekani mwaka 1888, na mwaka huo huo Galileo Ferraris alieleza kazi yake ya namna hiyo huko Italia. Ni mota imara, haina vitu vingi vya kuvunjika. Lakini ina tabia moja: mwendo wake hutawaliwa na hesabu ya mawimbi ya umeme. Kwa umeme wa hezi 50, mota yenye ncha 4 za sumaku hutaka kuzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika. Haijui mwendo mwingine. Ukiipa hezi 25, itazunguka karibu mara 750.

Hapo ndipo siri ilipo. Ukitaka kubadili mwendo wa mota hiyo vizuri, badili mawimbi ya umeme unaoilisha. Watu walilijua jambo hilo zamani, lakini hawakuwa na kifaa chepesi cha kulifanya. Njia ilifunguka baada ya mwaka 1957, wakati swichi iitwayo tairista ilipovumbuliwa. Ni swichi isiyo na mkono wala chuma kinachogongana. Baadaye zikaja swichi nyingine zenye wepesi zaidi, ziwezazo kufunga na kufungua mara mamia na maelfu kwa sekunde moja.

VYUMBA VITATU VYA KIDHIBITI MWENDO

Kidhibiti mwendo ni kabati kubwa, au safu ya makabati, lililowekwa kati ya waya wa umeme na mota. Ndani yake fikirini vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza hupokea umeme unaokwenda na kurudi, hezi 50, na kuugeuza uwe wa kwenda upande mmoja tu, kama ule wa betri.

Chumba cha pili ni ghala. Umeme huo wa upande mmoja huwekwa humo kwa muda mfupi sana, kama maji katika tangi la juu ya nyumba. Vifaa vinavyouweka huitwa kapasita.

Chumba cha tatu huchota katika ghala na kuukatakata umeme kwa zile swichi nyepesi, mpaka upate tena umbo la wimbi. Lakini sasa mawimbi ni mapya, na hesabu yake huamuliwa na mwendesha mtambo. Akitaka hezi 5, hupata 5. Akitaka 40, hupata 40.

Kwa hiyo mota hailishwi tena na waya wa mtaa moja kwa moja. Kuna ghala kati yao. Mkilishika neno hilo, faida zote zinazofuata zitaeleweka.

FAIDA NNE

Faida ya kwanza ni kuanza kwa upole. Kidhibiti huiamsha mota kwa mawimbi machache na volti chache, kisha huongeza kidogo kidogo. Bawabu yupo kazini tangu mwanzo. Mota haivuti zaidi ya ampea zake za kawaida, na umeme utokao katika waya wa mtaa ni mdogo zaidi, maana mota inayozunguka polepole yafanya kazi ndogo. Katika mfano wetu, volti za mtaa hazishuki sehemu 18 katika 100. Hazizidi kushuka zile 3, na hizo huja taratibu. Volti 230 huwa 223. Msomaji wa jioni hatajua kwamba pampu imeanza. Na mwendesha pampu hangoji saa nzima mota ipoe.

Faida ya pili yahusu umeme wa kuazima. Mfikirieni mchukuzi anayepeleka nyanya sokoni katika tenga. Nyanya hununuliwa, tenga hurudi. Kesho tenga laenda tena, larudi tena. Hakuna anayelinunua, lakini bega la mchukuzi lalisikia kila siku. Mota nayo ina tenga lake. Yahitaji umeme wa kujitengenezea sumaku, na umeme huo huenda na kurudi katika waya bila kufanya kazi yo yote. Hata hivyo waya na transfoma huubeba na kupata joto kwa ajili yake.

Mafundi wana kipimo cha jambo hilo, nao hukiita pawa-fakta. Kikiwa 1, mchukuzi amebeba nyanya tupu, bila tenga. Mota kubwa yenye kazi kamili yaweza kuwa na 0.85 hivi, na kazi ikipungua, kipimo hushuka zaidi. Lakini kidhibiti kikiwapo, tenga huenda na kurudi kati ya mota na ghala tu. Halipiti tena katika waya wa mtaa. Kwa vidhibiti vingi vya siku hizi, kipimo upande wa waya huwa 0.95 au zaidi, hata mota ikienda polepole. Vile vya zamani vya tairista havikuwa hivyo: kipimo chao kilishuka pamoja na mwendo.

Jambo hili lina fedha ndani yake. Wateja wakubwa wa umeme, Tanzania na Kenya, hawalipi kwa umeme uliofanya kazi peke yake. Hulipa pia kwa ukubwa wa mzigo wote waliouweka juu ya waya katika mwezi, nyanya pamoja na tenga. Mamlaka ya maji ikipunguziwa malipo hayo, fedha zaweza kununua mabomba.

Faida ya tatu ni mwendo wa kadiri. Mji hauhitaji maji sawa saa zote. Saa kumi na mbili asubuhi kila nyumba yafungua bomba. Saa nane za usiku watu wamelala. Bila kidhibiti, mwendesha pampu hubana valvu, na mota yaendelea kusukuma kwa nguvu mlango uliofungwa nusu. Huko ni sawa na kuendesha gari kwa mafuta mengi huku umekanyaga breki. Kwa kidhibiti, hupunguza mwendo wenyewe.

Hapa iko hesabu ya ajabu. Pampu inayozungusha maji bila kuyapandisha mlimani, mwendo wake ukipunguzwa uwe sehemu 80 katika 100, nguvu inayotakiwa haiwi 80. Huwa 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani kama sehemu 51 tu. Lakini jihadharini na muuzaji anayetoa hesabu hiyo kwa kila pampu. Maji yakipandishwa kilimani, kile kilima hakipungui kwa sababu mota imepunguza mwendo. Uzito wa kuyainua wabaki pale pale. Kwa hiyo akiba huwa ndogo zaidi, na mwendo ukipunguzwa mno maji hayafiki kabisa. Lazima fundi apime kilima na bomba kabla ya kuahidi.

Faida ya nne ni ustahimilivu. Umeme wa mtaa ukitikisika kwa muda mfupi mno, kama radi ikipiga mbali, kidhibiti kilichotengenezwa kwa ajili hiyo chaweza kutumia kilichomo ghalani, na hata kuchota nguvu ya pampu yenyewe ambayo bado yazunguka. Umeme ukirudi, huishika mota ikiwa katika mwendo ule ule na kuendelea. Tena faida hii huwafikia majirani. Waya ukianguka mahali, mota iliyounganishwa moja kwa moja hutupa umeme wake kuelekea palipoharibika na kuzidisha madhara. Mota iliyo nyuma ya ghala la kawaida haifanyi hivyo.

DAWA YAWEZA KUWA SUMU

Sasa nawaomba msikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Kidhibiti mwendo kisichochaguliwa vizuri hutuliza volti na papo hapo kikachafua wimbi. Yaani huponya sifa ya kwanza na kuiharibu ya tatu.

Sababu yake ni hii. Chumba cha kwanza hakichukui umeme kwa ulaini. Hudokoa. Aina iliyo rahisi hudokoa mara 6 katika kila wimbi moja. Madokoo hayo hutia meno katika wimbi la mtaa, na meno hayo ni kama mawimbi madogo yaliyompanda mama yao mgongoni: moja huenda hezi 250, jingine hezi 350, na mengineyo juu zaidi. Mafundi huyaita hamoniki. Huzitia joto transfoma za watu wengine, hufanya mota zingurume, na huweza kuvuruga vyombo vya kupimia. Palipo na makapasita ya zamani ya kurekebisha umeme wa kuazima, mawimbi hayo yaweza kupatana nayo na kukua mpaka makapasita yakapasuka.

Dawa yake ni nzuri, na twaweza kuielewa kwa kinu cha nyumbani. Mtu mmoja akitwanga peke yake, husikika dundo, kisha kimya, kisha dundo. Watu watatu wakitwanga kinu kimoja kwa zamu, kila mmoja akipiga mwenzake anapoinua mchi, sauti huwa moja mfululizo. Vivyo hivyo, transfoma ya kidhibiti huweza kutengenezwa iwe na makundi ya koili yanayopokezana. Makundi matatu, kila moja likidokoa mara 6, hufanya 18 katika wimbi moja, tena kwa zamu zilizopangwa. Meno makubwa ya hezi 250 na 350 huuana yenyewe kwa yenyewe, na yanayobaki ni madogo.

Mwaka 1997 mhandisi Peter Hammond alipewa haki ya uvumbuzi huko Marekani kwa kidhibiti cha volti za kati chenye visanduku vidogo vingi vilivyofuatana, kila kimoja kikilishwa na koili zake. Njia hiyo ilisaidia pande mbili. Upande wa mtaa, wanaotwanga ni wengi na wana zamu. Upande wa mota, visanduku hujenga wimbi kama ngazi yenye vidato vingi, badala ya kuipiga mota kwa ukuta mmoja mkubwa wa volti. Mapigo makali hupasua ngozi ya koili za mota na kuharibu beringi, hasa waya kati ya kidhibiti na mota ukiwa mrefu.

Kipimo cha usafi kipo. Chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa mwongozo wake namba 519 mwaka 1981, na kimeurekebisha mara kadha, mara moja ikiwa mwaka 2022. Kwa waya wa zaidi ya volti 1,000 mpaka 69,000, wasema kwamba uchafu wote wa volti usizidi sehemu 5 katika 100, na jino lo lote moja lisizidi 3. Hupimwa pale mteja anapokutana na wateja wengine katika waya mmoja. Angalieni busara hiyo. Mtu hapimwi kwa uchafu ulio ndani ya ua wake, bali kwa ule anaomtupia jirani.

WAKATI KISIPOFAA

Kidhibiti si cha kila mahali. Nacho hula umeme: pamoja na transfoma yake, kama sehemu 3 au 4 katika kila 100 zinazopita. Kwa mota yetu ya kilowati 1,000, hiyo ni kilowati 30 au 40 zinazogeuka joto, usiku na mchana. Joto hilo lazima litolewe chumbani. Kwa hiyo chataka chumba safi, kisichoingia vumbi, chenye upepo au mashini ya kupoza hewa. Kikifungwa katika banda la mabati linalochemka jua la mchana, hakitaishi.

Ikiwa pampu huenda kwa nguvu moja mwaka mzima, huanzishwa mara chache, na waya wa mtaa ni imara, pengine yatosha kifaa cha bei nafuu cha kuianzisha kwa upole tu. Kifaa hicho hupunguza ampea za kuanzia, lakini hakibadili mwendo wa kazi.

Na tena: mtambo usio na fundi ni pambo. Anayenunua kidhibiti bila kusomesha mtu wa kukitunza, wala kuweka vipuri, amenunua siku ya sherehe tu.

MASWALI YANAYOMPASA MWANANCHI

Mwaweza kuniuliza, "Bwana, sisi si mafundi. Yatuhusu nini?" Yawahusu, kwa sababu maji ni yenu, bili ni yenu, na waya ni mmoja. Baadhi yenu mmo katika kamati za maji, wengine ni wafanyakazi wa viwanda. Siku mradi mkubwa utakapoletwa karibu nanyi, hamtahitaji kujua kila waya. Mtahitaji kuuliza vizuri. Ulizeni haya:

1. Mota itakapoanza, volti za mtaa zitashuka kwa sehemu ngapi katika 100?

2. Uchafu wa wimbi utakuwa kiasi gani mahali tunapoungana na majirani, na nani ataupima baada ya mtambo kufungwa?

3. Pawa-fakta itakuwa ngapi mota ikienda polepole, si kwa kasi kamili tu?

4. Akiba ya umeme imehesabiwa kwa kilima chetu na bomba letu, au ni ya kitabuni?

5. Kuna makapasita ya zamani karibu? Yataondolewa au yatabaki?

6. Chumba kitapozwaje, na fundi wetu atasomeshwa wapi?

Mtaalamu wa kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Atafurahi kupata wanaomsikiliza.

MANENO YA KUJIFUNZA

Volti: kipimo cha msukumo wa umeme.
Ampea: kipimo cha wingi wa umeme upitao.
Hezi: hesabu ya mawimbi katika sekunde moja.
Kidhibiti mwendo: mtambo ubadilio mawimbi ya umeme ili kutawala mwendo wa mota.
Kapasita: chombo cha kuweka umeme kwa muda mfupi.
Pawa-fakta: kipimo cha umeme ufanyao kazi ukilinganishwa na mzigo wote uliobebwa na waya.
Hamoniki: mawimbi madogo yanayochafua wimbi kubwa.

KAZI YA DARASA

1. Mota huvuta ampea 80 ikiwa kazini, na mara 6 ikianza. Yaanza kwa ampea ngapi?

2. Volti 230 zikishuka kwa sehemu 10 katika 100, zabaki ngapi?

3. Mwendo wa pampu isiyopandisha maji ukiwa nusu, zidisheni 0.5 mara 0.5 mara 0.5. Nguvu inayotakiwa ni sehemu ngapi katika 100?

4. Zungumzeni: Katika mtaa wenu, taa hufifia saa zipi? Andikeni saa hizo kwa wiki moja, kila siku katika mstari wake, kisha mlinganishe na saa za mashini kubwa zilizo karibu. Mkiona zinakwenda pamoja, pelekeni karatasi hiyo ofisi ya umeme. Malalamiko ya mdomo husahauliwa upesi. Yaliyoandikwa kwa tarehe na saa humpa fundi mahali pa kuanzia.

Haya, ndugu wasikilizaji, somo letu limekwisha. Majibu ya hesabu mtayasahihisha na mwalimu wenu. Mbaki salama.